Wasomaji Wanauliza: Nani aliamua kwamba mraba ni mstatili?

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji wa Mwanza na wa mwambao wote wa Ziwa Victoria watuletee maswali ya hisabati ambayo hawakupata mtu wa kuwajibu. Barua zimekuja kwa wingi, na nyingi kati yake, hata pale ambapo waandishi hawakulitaja jambo hilo, zinahusu fasili: nani huitunga, inapata wapi nguvu ya kutufunga sote, na kwa nini wakati mwingine inaonekana kupingana na macho yetu. Nimechagua sita ambazo, zikisomwa pamoja, zinasaidiana.

Swali. Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Igoma. Katika jaribio waliambiwa wachore mstatili, naye akachora umbo la pande nne, kila upande sentimeta 4, pembe zote nyuzi 90. Akakosa. Aliandikiwa kwamba huo ni mraba, si mstatili. Dada yake aliye kidato cha tatu anashikilia kwamba kila mraba ni mstatili na kwamba mdogo wake ameonewa. Nyumbani tumegawanyika. Nani yuko sahihi? *Mama wa wawili, Igoma.*

Jibu. Marahaba, mama. Swali lako halijibiki mpaka kwanza tujue mstatili ulifasiliwaje katika darasa hilo, kwa sababu umbo lenyewe halina cha kutuambia. Unaweza kulipima kwa rula na kwa protrakta hadi jioni, ukathibitisha kwamba pande ni sentimeta 4 na pembe ni nyuzi 90, na bado vipimo hivyo havitakuambia liitwe nani. Jina hutolewa na fasili, na fasili ni uamuzi wa watu.

Kuna fasili mbili zinazoshindana hapa. Ya kwanza inasema kwamba mstatili ni pembenne yenye pembe zote za nyuzi 90. Ya pili inaongeza sharti kwamba pande zisiwe zote sawa. Kwa fasili ya kwanza mraba ni aina ya mstatili. Kwa fasili ya pili mraba umefungiwa nje. Mwalimu wa mwanao anatumia ya pili, na asidhaniwe kwamba ameibuni yeye: takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid aliigawa familia ya pembenne kwa namna hiyo hiyo mwanzoni kabisa mwa kazi yake kubwa ya jiometri, akaliweka umbo refu lenye pembe za nyuzi 90 kando na mraba.

Hata hivyo nasimama na dada mtu, na ningependa familia ione sababu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Fasili haithibitishwi wala haikanushwi, lakini hupimwa kwa kazi inayotuwezesha kuifanya. Chukua mstatili ABCD na uchore mistari miwili ya mshazari, kutoka A hadi C na kutoka B hadi D. Pembetatu ABC na pembetatu BAD zinashirikiana upande AB, pande BC na AD ni sawa kwa kuwa zinatazamana, na pembe iliyo kati ya pande hizo ni nyuzi 90 katika zote mbili. Basi pembetatu hizo ni sawa kwa kila hali, na AC ni sawa na BD. Pitia tena hoja hiyo neno kwa neno uone kama kuna mahali popote tulipohitaji kusema kwamba AB ni ndefu kuliko BC. Hakuna. Uthibitisho umetumia pembe tu, kwa hiyo mraba unaingia ndani yake bila kuombewa nafasi. Anayeufungia nje atalazimika kuandika uthibitisho huo huo mara ya pili chini ya jina lingine.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu una uzito zaidi. Chora rombasi, yaani pembenne ambayo pande zake zote nne ni sawa, weka alama katikati ya kila upande, kisha unganisha alama hizo nne. Utapata mstatili kila mara, kwa sababu pande za umbo jipya zinafuata mielekeo ya mishazari ya rombasi, na mishazari hiyo hukatana kwa nyuzi 90. Lakini rombasi uliyoanza nayo ikiwa imenyooka kiasi cha kuwa mraba, utakachopata ni mraba. Kwa fasili ya kwanza kauli yetu ni fupi na ni kweli daima. Kwa fasili ya pili kauli hiyo hiyo inageuka kuwa ya uongo, na kuiokoa inabidi uongeze kishazi cha kuondoa baadhi ya maumbo. Kisha utaongeza kishazi kama hicho katika kauli inayofuata, na inayofuata tena. Euclid mwenyewe, baada ya kulipa jina lile umbo refu, hakulitumia tena katika kazi yote. Alipohitaji kusema jambo la jumla alisema msambamba wenye pembe za nyuzi 90, na humo mraba umo.

Nadhani pia kilichompata mwanao kina chanzo kingine. Vitabu huchora mstatili ukiwa mrefu na umelala ubavu, na jicho la mtoto, na la mwalimu vilevile, hujifunza picha kabla ya kujifunza sharti. Picha huongeza mambo ambayo fasili haikuyasema. Mwombe mwanao afungue daftari lake mahali fasili ya mstatili ilipoandikwa. Ikiwa pameandikwa kwamba ni pembenne yenye pembe nne za nyuzi 90 na basi, mtoto alitimiza kila alichoombwa na anastahili alama yake. Ikiwa pameandikwa kwamba pande zake haziwi zote sawa, basi katika darasa lile alikosa, na dada yake atalazimika kulikubali hilo hata kama fasili hiyo haimpendezi, kama ambavyo hainipendezi mimi.

Swali. Je, sifuri ni shufwa, ni witiri, au si chochote? Kijiweni tumebishana tangu Jumapili. *Dereva wa bodaboda, Buhongwa.*

Jibu. Ni shufwa. Namba nzima huitwa shufwa ikiwa ni sawa na 2 mara namba nzima fulani, na 0 ni sawa na 2 mara 0. Anayesema kwamba sifuri si kitu, kwa hiyo haiwezi kuwa shufwa, analeta jambo ambalo fasili haikuliuliza. Niongeze tu kwamba katika fasili sharti hufanya kazi pande zote mbili: kila namba inayolitimiza ni shufwa, na kila namba shufwa inalitimiza. Kauli nyingine za hisabati haziko hivyo. Ni kweli kwamba namba inayoishia na 0 hugawanyika kwa 5, lakini huwezi kuigeuza kauli hiyo, kwa sababu 15 hugawanyika kwa 5 na haiishii na 0.

Swali. Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili, Nansio. Tulifundishwa kwamba namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Namba 1 inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Mbona inaondolewa? Nikiuliza naambiwa ndivyo ilivyo. *Mwanafunzi, Ukerewe.*

Jibu. Marahaba, mwanangu. Umeisoma fasili uliyopewa kwa makini kuliko waliokupa, na kwa jinsi ilivyoandikwa, hoja yako ni sahihi: 1 inapita. Fasili inayotumika leo imefungwa vizuri zaidi. Inasema kwamba namba nzima ni tasa ikiwa kuna namba mbili tofauti, si zaidi wala si pungufu, zinazoigawa bila kubakisha kitu. Namba 7 inagawanywa na 1 na 7, ni mbili, basi ni tasa. Namba 6 inagawanywa na 1, 2, 3 na 6, zimezidi. Namba 1 inagawanywa na 1 peke yake, imepungua.

Najua utasema kwamba hilo ni kuhamisha swali, kwa sababu sasa unataka kujua kwa nini waliifunga hivyo. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler barua yenye dai kwamba kila namba kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa tatu, na katika barua hiyo aliihesabu 1 kuwa tasa. Kwake 3 ilikuwa 1 + 1 + 1. Hata mwaka 1914, Mmarekani Derrick Norman Lehmer alipochapisha orodha ndefu ya namba tasa iliyovuka milioni 10, namba ya kwanza katika orodha ilikuwa 1. Hawa hawakuwa watu wa kukosea kugawanya.

Kilichoiondoa 1 ni kauli ambayo Carl Friedrich Gauss aliiweka wazi na kuithibitisha mwaka 1801, kwamba kila namba nzima kubwa kuliko 1 huandikwa kama zao la namba tasa kwa njia moja tu, ukiacha mpangilio. Namba 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna mtu, popote alipo, atakayepata mkusanyiko mwingine. Sasa irudishe 1 katika kundi la tasa: 60 inakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na kuendelea bila kikomo. Kauli nzuri kuliko zote kuhusu namba nzima inavunjika. Unaweza kuiokoa kwa kusema kila mara kwamba namba tasa ya 1 isihesabiwe, na kwa muda mrefu ndivyo watu walivyofanya, mpaka ikaonekana kwamba namba inayoondolewa karibu katika kila kauli haina sababu ya kuwemo tangu mwanzo.

Wewe ni mtu wa Ukerewe, kwa hiyo unajua kwamba sangara asiyefikia sentimeta 50 haruhusiwi kuvuliwa. Sangara wa sentimeta 49 na wa sentimeta 51 hawatofautiani kwa maumbile. Mpaka uliwekwa na watu, mahali ambapo ungefanya kazi ya kulinda samaki ambao hawajazaa. Mpaka wa namba tasa nao umewekwa na watu, lakini mahali pake palichaguliwa kwa sababu ya mambo ya kweli ambayo hakuna mtu aliyeyachagua. Hatukuamua sisi kwamba 60 ivunjike kwa njia moja tu.

Nikuachie kazi moja, kwa kuwa naona utaiweza. Tuseme kwamba duniani hakuna namba nyingine ila shufwa: 2, 4, 6, 8 na kuendelea. Katika dunia hiyo 12 inavunjika, kwa kuwa ni 2 × 6. Namba 6 haivunjiki, kwa kuwa 3 haipo. Kwa hiyo 2, 6, 10, 14, 18 na 30 zote hazivunjiki, na ukizitazama juu juu zinastahili kuitwa tasa za dunia hiyo. Sasa ivunje 60: ni 2 × 30, na pia ni 6 × 10. Njia mbili tofauti kabisa. Kumbe kutovunjika peke yake hakutoshi kulinda kauli ya Gauss. Kuna tabia ya pili ambayo tasa za kawaida zinayo: tasa ikiligawa zao la namba mbili, huigawa angalau moja kati yake. Katika dunia ya shufwa tabia hii inakosekana, kwani 6 inaigawa 36, na 36 ni 2 × 18, lakini 6 haiigawi 2, wala haiigawi 18 kwa sababu jibu lingekuwa 3. Katika namba zetu za kawaida tabia hizi mbili huambatana daima, hivyo ukichagua yoyote kuwa fasili unapata namba zile zile. Nje ya hapo zinaachana, na wanahisabati wamelazimika kuzipa majina mawili. Hivyo ndivyo fasili nyingi zilivyozaliwa: jambo lililodhaniwa kuwa moja lilipelekwa mahali pageni, likaonekana kuwa mawili.

Swali. Mwalimu mwenzangu, ninafundisha shule ya msingi Sengerema. Kila fasili hutumia maneno mengine, na maneno hayo yanahitaji fasili nyingine. Mwanafunzi mmoja aliniuliza nukta ni nini, nikasema ni mahali. Akauliza mahali ni nini, nikajikuta narudi kwenye nukta. Mnyororo huu unaishia wapi? *Mwalimu, Sengerema.*

Jibu. Mwalimu mwenzangu, mnyororo unaishia pale tunapokubali kwa uwazi kwamba maneno machache hayatafasiliwa. Euclid alijaribu kuyafasili yote, akaandika kwamba nukta ni kile kisicho na sehemu, na mstari ni urefu usio na upana. Zinasomeka vizuri, lakini fuatilia uthibitisho wake mmoja baada ya mwingine, na hutaona hata mahali pamoja anapotumia kwamba nukta haina sehemu. Fasili isiyotumika katika uthibitisho wowote ni maelezo ya kumsaidia msomaji, nayo hayadharauliki, ila si fasili kwa maana ya hisabati.

Mwaka 1899 Mjerumani David Hilbert alichukua njia nyingine. Hakusema nukta ni nini. Aliorodhesha kauli za msingi zinazoeleza jinsi nukta, mistari na bapa zinavyohusiana, kisha akadai kwamba chochote kinachozitii kauli hizo kinaweza kuchukua majina hayo. Tujaribu kwa mfano mdogo. Kauli yetu ya msingi iwe moja: kwa kila nukta mbili tofauti kuna mstari mmoja, na mmoja tu, unaozipitia zote mbili. Kutokana nayo tunathibitisha kwamba mistari miwili tofauti haikutani kwenye nukta zaidi ya moja, kwa sababu ingekutana kwenye mbili, mistari miwili ingepita kwenye nukta mbili zile zile, na hilo limekatazwa. Sasa chukua majina ya bandari tatu, Mwanza, Bukoba na Nansio, uyaite nukta, na kila jozi ya majina uiite mstari. Kauli ya msingi inatimia. Basi matokeo yetu yanatimia pia bila kuthibitishwa upya: jozi ya Mwanza na Bukoba na jozi ya Mwanza na Nansio zinakutana Mwanza tu. Hatukuhitaji kujua nukta ni nini. Tulihitaji kujua ina haki gani na ina wajibu gani.

Kwa mtoto wa shule ya msingi sikushauri uanze na Hilbert. Chora alama ya kalamu, mwambie kwamba nukta inaonyesha mahali, na akikubana, mpongeze kwa kumwambia ukweli kwamba amefika mahali ambapo wanahisabati nao walisimama.

Swali. Nasoma chuo hapa Nyegezi. Kama fasili ni uamuzi, je, ninaweza kutunga yangu? Nimebuni njia ya kujumlisha sehemu: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Mhadhiri amesema haikufasiliwa vizuri, si kwamba ni jibu baya. Tofauti ni ipi? *Mwanachuo, Nyegezi.*

Jibu. Ruhusa unayo, na mhadhiri wako amechagua maneno yake kwa uangalifu. Kwa kanuni yako nusu na theluthi zinatoa 2/5. Lakini nusu ni ile ile tukiiandika 2/4. Weka 2/4 na 1/3 katika kanuni yako, na jibu ni 3/7. Vitu vilivyoingia havikubadilika, ila tumeviandika kwa namna nyingine, na kilichotoka kimebadilika. Kwa hiyo hukutoa jibu baya la swali. Hukutoa jibu lolote, kwa sababu kanuni yako haijasema matokeo ya nusu na theluthi ni yapi.

Usiitupe lakini. Mtu aliyepata swali 1 kati ya 2 katika jaribio la kwanza, na swali 1 kati ya 3 katika la pili, amepata 2 kati ya 5 kwa jumla, na hiyo ndiyo hesabu yako hasa. Hapo inafaa kabisa, kwa sababu alama za jaribio ni jozi ya namba, na 1 kati ya 2 si sawa na 2 kati ya 4: wa pili alijibu maswali mengi zaidi. Kanuni yako imefasiliwa vizuri kwa jozi, haijafasiliwa vizuri kwa sehemu. Kosa lilikuwa katika kutaja vitu inavyovihusu.

Jaribio lingine la kila fasili mpya ni kama kitu chenyewe kipo. Ninaweza kuandika: tuiite N namba tasa iliyo kubwa kuliko tasa zote. Sentensi ni safi, lakini Euclid alishathibitisha kwamba kila ukipewa orodha ya namba tasa yenye mwisho, ipo nyingine ambayo haimo, hivyo N haipo, na chochote utakachothibitisha kuihusu hakina mwenyewe.

Swali. Mimi ni mstaafu, naishi Kirumba. Wajukuu wamenionyesha vitabu viwili vyenye urefu tofauti wa ufukwe wa Ziwa Victoria, kimoja takriban kilomita 3,400 na kingine zaidi ya kilomita 7,000. Ziwa ni moja. Nani amekosea kupima? *Mzee wa Kirumba.*

Jibu. Shikamoo mzee. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekosea, na swali lako ndilo lililonifanya nitenge safu hii yote kwa ajili ya fasili.

Urefu wa mstari ulionyooka hauna utata. Urefu wa mstari uliopinda unahitaji kufasiliwa, na fasili ya wanahisabati ni hii: weka nukta kadhaa juu ya mstari huo, ziunganishe kwa vipande vilivyonyooka, jumlisha urefu wa vipande, kisha ongeza nukta, upime tena, na uendelee. Ikiwa majumla hayo yanakua huku yakikaribia namba fulani ambayo hayawezi kuipita, namba hiyo ndogo kuliko zote zisizopitwa ndiyo urefu. Kwa duara jambo hili linakwenda vizuri sana. Ukianza na umbo la pande 6 ndani ya duara unapata mara 3 ya kipenyo, na Archimedes, kwa kutumia maumbo ya pande 96 ya ndani na ya nje, alionyesha kwamba namba inayokaribiwa iko kati ya 3 10/71 na 3 1/7.

Simama sasa kwenye mawe ya ufukwe wa Mwanza na ufanye vivyo hivyo. Kwa kipimo cha kilomita 10 unaruka vighuba vyote vidogo. Kwa kipimo cha kilomita 1 unaingia katika kila kighuba. Kwa kipimo cha meta 1 unazunguka kila jiwe na kila kichaka cha mafunjo, na kwa kipimo cha sentimeta 1 unafuata kila ufa wa jiwe. Jumla inaongezeka kila mara, wala haionyeshi dalili ya kutulia. Mwingereza Lewis Fry Richardson alilichunguza jambo hili kwa kulinganisha takwimu za mipaka ya nchi, akakuta kwamba mpaka ule ule mmoja kati ya Uhispania na Ureno umeandikwa kuwa kilomita 987 mahali pamoja na kilomita 1,214 mahali pengine. Mwaka 1967 Benoît Mandelbrot aliichukua kazi hiyo akauliza swali kama lako kuhusu pwani ya Uingereza.

Mfano safi kabisa ulikuwapo tangu 1904, alipouchora Mswidi Helge von Koch. Chukua kipande cha kilomita 1, kigawe mara tatu, ondoa theluthi ya katikati na mahali pake uweke vipande viwili vya urefu ule ule vinavyosimama kama ncha ya paa. Sasa una vipande vinne vya theluthi moja, yaani 4/3 ya kilomita. Fanya hivyo kwa kila kipande kipya, na tena. Baada ya hatua 10 urefu unakaribia kilomita 17.8, baada ya hatua 20 umezidi kilomita 315, na mchoro wote bado unatosha mahali pale pale ulipoanzia. Hauna namba isiyopitwa. Kwa fasili yetu mstari huo hauna urefu wenye kikomo, na hilo halitokani na udhaifu wa kupima.

Ufukwe halisi haufiki huko, kwa sababu ukishuka hadi kwenye chembe za mchanga hujui tena ni wapi maji yanaishia. Hata hapo juu mstari wenyewe unahama: kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya meta 2, na mashamba yaliyokuwa nchi kavu yakawa ndani ya maji. Kwa hiyo anayetoa urefu wa ufukwe amekwisha kuamua mambo kadhaa kabla ya kuanza kupima: maji ya kina kipi, kipimo cha urefu gani, na kama visiwa vinahesabiwa. Vitabu viwili vya wajukuu wako vimetoa namba bila kutoa maamuzi hayo, ndiyo maana vinaonekana kugombana.

Eneo la ziwa halina tatizo hilo. Ukilifunika ziwa kwa miraba midogo, tofauti kati ya eneo la miraba iliyomo ndani kabisa na eneo hilo likijumlishwa na la miraba inayogusa ufukwe hupungua kadiri miraba inavyopunguzwa ukubwa, na hesabu za ndani na za nje zinabanana kuelekea namba moja. Vitabu vingi vitakuambia takriban kilomita za mraba 68,800, na wajukuu wanaweza kuiandika namba hiyo bila maelezo mengi. Wakiulizwa urefu wa ufukwe, waandike namba pamoja na kipimo kilichotumika, na waseme kama Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vimehesabiwa.